Mwenye Nyumba na Mwenyeji: Uhakiki wa Habari za A. M. Jeevanjee, Mjenzi wa Nairobi

Alibhai Mulla Jeevanjee ni mmoja wa wajenzi wa miji ya Afrika ya Mashariki ambao majina yao hutajwa kila siku na watu wasiojua habari zao. Bustani yenye jina lake imo katikati ya Nairobi. Wahubiri, wapiga picha, wanafunzi na wasio na kazi hukutana humo, na kila mmoja husema yuko Jeevanjee kana kwamba neno hilo lilikuwa jina la mahali tangu awali. Ndivyo ilivyo desturi ya miji: jina la mtu hugeuka kuwa jina la udongo, na habari ya mtu mwenyewe ikafifia. Hata hivyo habari ya mtu huyu haikukosa wasimulizi. Imesimuliwa kwa njia tatu: njia ya watawala, njia ya wenye kushukuru, na njia ya watetezi. Makusudi ya uhakiki huu ni kuzipima njia hizo, na kuonyesha kwamba zote tatu zimeruka jambo moja ambalo lugha ya Kiswahili imelihifadhi katika maneno yake ya kila siku. Jambo hilo ni kwamba mwenye nyumba ni mtu mmoja na mwenyeji ni mtu mwingine, na kwamba mtu aweza kuwa na nyumba mia asiwe mwenyeji.

Yafaa kwanza kuzitaja habari zenyewe kwa ufupi. Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856 katika jamaa ya Mabohora. Asichanganywe na jamaa ya Karimjee Jivanjee, iliyojulikana kwa biashara Unguja na Tanganyika. Wote ni Mabohora na majina yanakaribiana, lakini ni jamaa mbili mbalimbali. Alifanya biashara Australia kabla ya kufika Mombasa mwaka 1890. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, yeye alikuwa tayari mkandarasi, na kazi yake ikawa kuwaleta vibarua na mafundi kutoka Bara Hindi, kuwapatia chakula, kuvunja mawe na kujenga nyumba za stesheni. Jumla ya Wahindi walioletwa kwa kazi ya reli hiyo ilikuwa karibu 32,000. Kati yao wapatao 2,500 walikufa, walio wengi walirudi kwao, na wapatao 6,700 walibaki. Hao waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliokuja kwa hiari yao, ndio waliokuwa wakazi wa mtaa ulioitwa Bazaar ya Wahindi katika Nairobi. Mtaa huo wa wahamiaji ndio uliompa Jeevanjee utajiri wa pili, baada ya ule wa reli.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali palipokuwa na majimaji na malisho ya ng'ombe. Mji ulipoota ghafula, viwanja vikawa mali, na mwenye fedha na mafundi alikuwa na nafasi ambayo haikutokea tena. Jeevanjee alijenga maduka, nyumba za kupangisha na majengo yaliyotumiwa na serikali yenyewe. Mwaka 1904 alijenga soko, likaitwa kwa jina lake. Mjini Mombasa alianzisha gazeti la African Standard, na mwaka 1905 akaliuza kwa Waingereza. Nalo hatimaye likawa East African Standard, na likawa sauti ya walowezi. Mwaka 1906 aliwapa watu wa Nairobi bustani yenye ukubwa wa ekari 5 hivi, akasimamisha ndani yake sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka 1909 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, naye ndiye Mhindi wa kwanza kuketi humo. Mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha Wahindi wa Afrika ya Mashariki kilichodai haki sawa na Wazungu. Alifariki mwaka 1936, na utajiri wake mwingi ulikuwa umekwisha kutoweka.

Njia ya kwanza ya kuisimulia habari hii ni ile ya watawala na walowezi. Katika njia hiyo Bazaar ni uchafu, na mwenye Bazaar ni mtu aliyechuma kutokana na uchafu huo. Mwaka 1902 tauni iliingia Nairobi, na Bazaar ikachomwa moto kwa amri ya wakuu wa afya. Tangu hapo neno tauni likawa hoja ya siasa. Mwaka 1913 alikuja Profesa W. J. Simpson kuchunguza afya ya miji, akapendekeza kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe kila kabila na mtaa wake. Msomaji makini ataona kasoro ya msimulizi huyu. Anaeleza msongamano wa watu bila kueleza sheria iliyowasonga. Wahindi hawakuruhusiwa kushika ardhi katika nyanda za juu. Viwanja walivyoruhusiwa kununua vilikuwa katika mitaa michache ya mjini. Nayo mifereji na maji safi haikuufikia mtaa wao kama ilivyofika vilimani walikokaa wakubwa. Watu wengi wakitiwa mahali padogo, kodi hupanda na vyumba hugawanywa. Tamaa ya mwenye nyumba haikosi kuwamo, lakini tamaa hiyo ililishwa na sheria. Msimulizi anayeitaja tamaa akaificha sheria, amesimulia nusu ya habari, tena nusu iliyomfaa yeye.

Njia ya pili ni ya wenye kushukuru. Hao humtaja Jeevanjee kwa bustani, kwa soko na kwa ukarimu wake, na habari yao hufanana na kibao cha shaba kilichobandikwa ukutani: jina, mwaka na kilichotolewa. Haifai kuidharau njia hii. Sadaka ya kudumu ni jambo kubwa kwa Waislamu, na mtu aliyetoa ardhi katikati ya mji ambao bei ya viwanja vyake ilikuwa ikipanda kila mwaka hakutoa kitu kidogo. Lakini kibao hakielezi mali ilitoka wapi. Tena kuna fumbo katika zawadi ile ambalo wenye kushukuru hawakulifumbua. Bustani ilikuwa ya watu wa Nairobi, na mlinzi wake alikuwa Malkia wa Waingereza aliyechongwa kwa jiwe. Mtoaji alikuwa akiwaambia watawala kwa vitendo kwamba yeye ni raia wa dola yao, mwaminifu kama wao, na kwamba astahili kukaa panapokaa wao. Sanamu ile ilikuwa hati ya maombi iliyosimamishwa wima. Duke wa Connaught, mtoto wa Victoria, aliifunua mwaka huo huo wa 1906. Na maombi hayakujibiwa. Mwaka 1908 serikali ya Uingereza ilithibitisha kwamba ardhi ya nyanda za juu itaendelea kuwa ya Wazungu.

Njia ya tatu ni ya watetezi, na katika hiyo kitabu kikuu ni kile cha Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, kilichotoka Nairobi mwaka 1997 kwa jina la Challenge to Colonialism. Kitabu hiki kina haki ya kupewa heshima, kwa kuwa kilimtoa mtu huyu katika kibao cha shaba kikamrudisha katika mabishano ya zama zake. Ndani yake mkandarasi amekuwa mpigania haki, na jina kamili la kitabu linatamka kwamba habari yake ni jitihada ya kutafuta haki sawa katika Kenya. Wasifu ulioandikwa na mtu wa damu moja una faida zake: huhifadhi karatasi na kumbukumbu za nyumbani ambazo mgeni hangezifikia. Una na hatari yake pia, ambayo ni kwamba neno moja hupewa kazi ya kubeba maisha yote ya mtu. Katika habari hii neno hilo ni usawa.

Hapo ndipo uhakiki hauna budi kusimama. Usawa wa nani na nani? Mwaka 1910 Jeevanjee alikwenda London kuwatetea Wahindi, na katika mazungumzo yake na gazeti la huko alitoa shauri kwamba nchi ya Afrika ya Mashariki iunganishwe na Dola ya Bara Hindi, iwe kama jimbo lake. Shauri hilo lilikuwa na mantiki kwa mtu aliyeona kwamba vibarua, mafundi, maduka, askari na hata rupia zilizotumika nchini zilitoka India. Lakini katika shauri lile Mwafrika hakuwamo ila kama sehemu ya ardhi yenyewe. Mabishano baina ya Jeevanjee na walowezi yalikuwa mabishano ya wageni wawili juu ya nani astahili kuketi katika kiti cha mwenyeji, na mwenyeji yumo chumbani akisikiliza. Kulisema hilo hakuondoi ushujaa wa mtu aliyewakabili watawala bila woga katika Baraza ambalo kila aliyeketi karibu naye alikuwa Mzungu. Ni kuliweka neno usawa katika mipaka yake ya wakati ule. Serikali ya Uingereza ilipotoa tamko lake la mwaka 1923, iliacha shauri la kuwatenga watu katika mitaa ya miji, ikaendelea kuwazuia Wahindi wasishike ardhi katika nyanda za juu, ikasema kwamba maslahi ya Waafrika yatangulie yote. Walowezi na Wahindi wote wawili walisikia kwa mara ya kwanza, ijapokuwa kwa maneno matupu, kwamba nyumba waliyoigombania ilikuwa na mwenyewe.

Sasa yafaa kuigeukia lugha. Wanafunzi wa Kiswahili wanajua kwamba mwenyeji asili yake ni mwenye mji. Neno hilo halimtaji mwenye jengo, wala mwenye hati, wala mwenye kulipwa kodi. Lamtaja mtu ambaye mji ni wake kwa kuwa yeye ni wa mji: anajua makaburi yako wapi, ana haki ya kusema barazani, na mgeni akifika humtazama yeye. Mgeni naye hakufungiwa mlango moja kwa moja. Methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mara nyingi hutumiwa kama mzaha wa kumchokoza mgeni mvivu, lakini maana yake ni sheria ya uraia. Jembe ndilo daraja la kutoka ugeni kwenda uenyeji. Anayeshiriki kazi ya wenzake huwa mmoja wao, awe ametoka Karachi au Ungoni. Methali haikutaja fedha, wala haikusema kwamba mgeni wa siku ya tatu apewe kiwanja apangishe.

Mwenye nyumba ni neno la namna nyingine. Kwa asili lilimaanisha mkuu wa nyumba, mwenye kulisha na kuamua, na kwa heshima mume hutajwa hivyo na mkewe. Mjini neno hilo limebadilika, likawa ni mtu asiyeishi na wanaokaa katika nyumba yake, au akiishi nao, haishi nao kama jamaa. Huja mwisho wa mwezi. Tofauti kati ya maana hizi mbili ndiyo historia yote ya mji mpya, na Kiswahili imeiweka katika maneno mawili mafupi. Mjenzi wa Bazaar alikuwa mwenye nyumba kwa maana ya pili kwa kiasi kikubwa kuliko mtu yeyote wa zama zake, na alitumia nusu ya pili ya maisha yake kutafuta kuwa mwenyeji. Utajiri wake haukuweza kumnunulia neno hilo. Wasimulizi watatu wote wanaona masikitiko yake, lakini hakuna aliyeyapa jina hili, kwa sababu wote waliandika kwa Kiingereza, na Kiingereza haikuwaita kulitafuta.

Neno la pili la kuangaliwa ni kodi. Katika Kiswahili neno hili moja lina maana ya fedha ya serikali na maana ya fedha ya mwenye nyumba, na wageni wanaojifunza lugha hulalamika kwamba maana hizo zinachanganyika. Hazikuchanganyika kwa bahati mbaya. Fikiria Lusewa, iliyo katika mkoa wa Ruvuma, ambayo zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Songea na sasa imo katika wilaya ya Namtumbo. Huko, kama katika vijiji vingi vya kusini, mtu alijenga nyumba yake kwa miti, udongo na nyasi, kwa msaada wa jamaa na majirani, akakaa ndani yake bila kumlipa mtu. Wadachi walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, kwa kawaida rupia 3 kwa nyumba, mtu huyo alijikuta anadaiwa kwa sababu ya kukaa katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Kodi hiyo ilikuwa mojawapo ya machungu yaliyowafanya watu wa kusini kuinuka katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo Songea iliviona kwa ukali wake wote. Waingereza walipoitwaa nchi waliendelea kutoza, na vijana wengi wa Songea wakaenda kuitafuta fedha ya kodi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Na wengine, mkataba ulipokwisha, hawakurudi bali waliingia mijini.

Kwa hiyo kodi ya nyumba ya kwanza ndiyo iliyomtoa mtu kwao, na alipofika mjini akakutana na kodi ya nyumba ya pili. Katika nchi iliyoitwa baadaye Kenya mambo yalikwenda vivyo hivyo. Kodi ya vibanda ilianza kutozwa mwanzoni mwa karne ya 20, na Mkikuyu, Mluo au Mkamba aliyekwenda Nairobi alikuwa akikimbia kodi moja kuielekea nyingine. Mwenye nyumba wa mjini hakuitunga sheria ya kodi ya vibanda, lakini alipangisha kwa watu waliosukumwa nayo. Habari ya mjenzi yeyote wa mtaa wa wahamiaji isiyotaja ni nini kilichowahamisha wapangaji wake, ni habari ya kisima isiyotaja mvua. Wasifu wa Jeevanjee kwa njia zote tatu unaeleza vizuri jinsi Wahindi walivyofika Nairobi, na kueleza kidogo mno jinsi Waafrika walivyofika, ingawa mikono yao ndiyo iliyobeba mawe na matofali ya majengo yale.

Neno la tatu ni kupanga. Mtu hupanga chumba, na serikali hupanga mji. Wataalamu wa nahau watasema kwamba ni kitenzi kimoja chenye maana iliyotanuka, na itoshe. Lakini katika historia ya miji ya Afrika ya Mashariki, waliopanga vyumba hawakuwa waliopanga mji, na mara walipojaribu kuzileta maana hizo mbili pamoja palikuwa na ghasia. Mfano ulio bora ni wa Unguja. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo, wengi wao wahamiaji na watu waliokuwa watumwa au wana wao, walikataa kulipa kodi ya viwanja ambavyo juu yake walikuwa wamejenga nyumba zao wenyewe. Ardhi ilikuwa ya mtu mmoja na nyumba ya mtu mwingine, na kodi ilipandishwa mpaka wakachoka. Hoja ya watu wa Ng'ambo ilikuwa kwamba waliojenga na kukaa wana haki juu ya mahali. Hiyo ni hoja ya jembe, iliyosemwa na watu wa mjini. Katika maandishi juu ya Bazaar ya Nairobi sauti ya namna hiyo haisikiki. Wapangaji wa Jeevanjee hawana jina wala neno. Ni kasoro kubwa katika wasifu wa mpangishaji kwamba wapangaji hawakuulizwa, na kwamba hata waliporuka moto wa mwaka 1902 hawatajwi ila kama idadi.

Wenye kumtetea Jeevanjee watajibu, na jibu lao lina uzito, kwamba haki haimruhusu mhakiki kumdai mtu mmoja madeni ya dola nzima. Jeevanjee hakutunga sheria ya ardhi ya mwaka 1902 wala ile ya mwaka 1915, ambayo iliwapa walowezi mashamba kwa miaka 999 na kuacha viwanja vya mjini kwa miaka 99. Alizipinga. Alitumia fedha zake kuzipinga, na gazeti aliloliasisi likatumiwa kumpinga yeye. Hayo yote ni kweli, na mhakiki anayeyasahau atakuwa amerudi katika njia ya kwanza. Lakini dai la uhakiki huu haliko juu ya mtu. Liko juu ya habari. Mtu akiisha kufa hana tena la kubadili, ila habari zake huendelea kuwafundisha walio hai namna ya kuutazama mji. Ikiwa habari yasema kwamba mji hujengwa na mtu mmoja mwenye fedha na moyo mkuu, basi kila tajiri ajaye atajiita mjenzi wa mji, na kila mpangaji atahesabiwa kuwa ni mgeni.

Palikuwapo wajenzi wengine Nairobi wakati ule ule. Katika vijiji vya Waafrika vilivyozunguka mji, hasa Pangani, na baadaye Pumwani iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu walijenga nyumba za udongo za namna ya pwani zenye vyumba vingi, wakapangisha chumba kimoja kimoja. Wengi wao walikuwa Waislamu, lugha yao ilikuwa Kiswahili, na idadi kubwa ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake waliohamia mjini peke yao, wakachuma kidogo kidogo mpaka wakajenga. Mwanahistoria Luise White amewaandika katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi. Hao walijenga kwa ruhusa tu, bila hati ya ardhi iliyo chini ya nyumba zao. Na mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ilibomolewa kwa amri ya serikali, wenyewe wakahamishiwa Shauri Moyo na Pumwani. Hakuna bustani yenye jina la mmoja wao. Hata hivyo lugha imewawekea ukumbusho. Sehemu ya Pumwani huitwa Majengo, na mitaa yenye jina hilo hilo imo Mombasa, Moshi, Songea na miji mingine mingi. Neno majengo halimtaji aliyejenga. Lataja tendo na wingi wake. Ni jina la mtaa uliojengwa na wengi, ambao serikali haikuwahesabu kuwa wajenzi.

Tofauti kati ya jina Jeevanjee na jina Majengo yastahili kutazamwa na kila mwenye kuchunguza majina ya mahali. La kwanza limetoka katika hati, kibao na zawadi. La pili limetoka vinywani. La kwanza lasema ni nani aliyetoa, na la pili lasema ni nini kilichofanyika. Mwanamke wa Pangani aliyeishi katika chumba kimoja cha nyumba yake na kupangisha vyumba vingine vitano alikuwa mwenye nyumba kwa maana zote mbili: alikula na wapangaji wake, aliwazika waliokufa bila jamaa, na alidai kodi. Yeye alikuwa karibu na uenyeji kuliko tajiri wa Bazaar, ingawa sheria ilimfanya mgeni zaidi, kwa kuwa Mwafrika mjini alihesabiwa kuwa mpita njia aliyekuja kufanya kazi aende zake. Kipande, kilichoshurutishwa kwa wanaume baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilikuwa tamko la sheria hiyo katika kikopo cha bati.

Kinachotakiwa, basi, ni wasifu wa Kiswahili. Sanaa ya wasifu si ngeni katika lugha hii. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka shamba akaingia mjini Unguja akapata jina, na katika kuandika hivyo alionyesha kwamba maisha ya mhamiaji mmoja hayaelezeki bila watu waliomsikiliza. Mwandishi atakayeandika habari za Jeevanjee kwa Kiswahili atakuwa na faida ambayo wa kwanza hawakuwa nayo. Kwake neno rupia na bima, hundi na laki, yaliyokuja na wafanyabiashara wa Kihindi, ni maneno ya nyumbani, wala hatahitaji kuyaeleza. Neno mkandarasi, lililofinyangwa kutokana na Kiingereza, litamwonyesha mtu wa mkataba. Na neno mwenyeji litamlazimisha kuuliza swali ambalo lugha nyingine ilimruhusu kulipita. Kazi hiyo itahitaji kutafuta vitabu vya kodi na hati za viwanja pamoja na hotuba za Baraza. Itahitaji kujua waliokaa katika vyumba na waliobeba mawe. Na itahitaji uadilifu wa kutomdhulumu marehemu kwa dhambi za wakati wake.

Tena kazi hiyo haiwahusu wafu peke yao. Mwaka 1991 palitokea shauri la kuijenga Bustani ya Jeevanjee, ili pawe na maegesho ya magari na maduka ya ghorofa. Mjukuu yule yule aliyeandika kitabu ndiye aliyeongoza upinzani, na watu wa Nairobi wa kila kabila wakamuunga mkono, shauri likavunjika. Sanamu ya Malkia haikudumu hivyo. Mwaka 2015 iliangushwa na kuvunjwa. Katika mambo hayo mawili kuna uhakiki uliofanywa na watu wenyewe, na ni uhakiki mzuri. Hati ya maombi kwa dola haikulindwa na mtu, kwa kuwa dola iliyoombwa haipo. Ardhi iliyotolewa kwa watu ilitetewa, na waliotetea hawakuuliza mtoaji alitoka nchi gani. Walitetea mahali wanapoketi. Kwa muda wa siku zile mpangaji, mchuuzi na asiye na kazi walisema juu ya ardhi ya mjini kama wenyeji wasemavyo, na wakasikilizwa. Mwandishi wa wasifu ajaye akianzia hapo, akarudi nyuma mpaka mwaka 1899, ataikuta habari ya Jeevanjee ikiwa kubwa kuliko ilivyosimuliwa, kwa sababu ataikuta pamoja na watu wake wote.